Anwani ya Noreen Yost

Bunda la toleo la kumi na tisa la kitabu chetu cha katuni lilifika ofisini Jumanne saa tatu asubuhi, likinuka wino mbichi. Nilikata kamba kwa mkasi, nikachomoa kitabu cha juu na kukifungua ukurasa wa mwisho. Hadithi waliandika wengine, picha walichora wengine, lakini ukurasa wa barua ulikuwa wangu mimi, Ilene Mazur, mhariri msaidizi. Mwezi ule nilikuwa nimechagua barua bora kuliko zote nilizopata kupokea katika miaka yangu miwili pale.

Niliisoma nikitabasamu. Nilipofika chini, tabasamu likanikauka.

Noreen Yost, 41 Mtaa wa Tannery, Harlow Falls, Pennsylvania.

Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote. Chini ya kila barua tuliweka jina, mtaa na mji, ili wasomaji waandikiane. Watu walipata marafiki kwa njia hiyo, na wawili watatu walipata wachumba. Mpanga herufi aliichukua anwani kwenye bahasha bila kuuliza, nami sikuwahi kumwambia aulize.

Nikaitafuta barua yenyewe kwenye faili. Ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ndiyo tuliyoichapisha. Ya pili niliisoma siku ilipofika, nikaiacha kwa sababu nafasi haikutosha, halafu nikaisahau. Ilisema hivi:

"Anwani nimeiweka kwa sababu mnasema mwandishi wa barua bora hutumiwa ukurasa halisi uliochorwa kwa mkono, na ningeupenda mno. Lakini nawaomba sana msiichapishe. Mume wangu hajui tuliko mimi na binti yangu. Na vitabu hivi ni vyake. Della nilianza kumsoma kwenye rundo la mume wangu, yeye akiwa kazini. Hajakosa toleo hata moja."

Nilikaa chini palepale sakafuni, mgongo kwenye kabati.

Della alikuwa mhusika wetu mkuu, Della Crane, aitwaye Utusitusi. Nguvu yake ilikuwa moja tu: mtu yeyote aliyewahi kumpiga hakuweza kumwona tena. Si kwamba alikuwa malaika. Aliingia kwenye baa za majambazi, akawatukana mama zao mpaka wakamzaba kofi, kisha akawaibia na kuwachinja mchana kweupe huku wakipapasa hewa. Katika toleo la saba alimwacha mlinzi aungue ndani ya ghala, mlinzi ambaye hakuwa amemgusa hata ukucha, na hakurudi nyuma kumtazama. Nusu ya wasomaji walitaka anyongwe. Nusu nyingine walitaka kumuoa. Noreen Yost peke yake ndiye aliyeandika: "Msimfanye awe mwema. Wanawake wema nimeshawaona wanavyozikwa."

Nilimpelekea bosi wangu, Gus Pappas, karatasi ya pili. Aliisoma amesimama, akavua miwani.

"Vitabu viko kwenye malori tangu juzi, Ilene. Maduka mia nane. Kesho asubuhi vinafunguliwa. Unataka nifanyeje, niyakimbize malori kwa miguu?"

"Wapigie wasambazaji."

"Niwaambie nini? Wachane ukurasa mmoja kwenye vitabu elfu sitini?" Akanirudishia karatasi. "Mtafute huyo mama. Mwambie ahame."

Noreen hakuwa kwenye kitabu cha simu. Niliwapigia polisi wa kwao.

"Huyo mume amemfanya nini?" aliniuliza askari.

"Bado hajamfanya kitu. Hajui alipo. Kesho atajua."

"Sasa dada, mimi nimkamate mtu kwa jambo la kesho? Akimfanya kitu, mtupigie."

Nilipanda basi la saa sita. Saa kumi na moja jioni nilikuwa Harlow Falls, nyumba namba 41, nikigonga mlango usiofunguliwa. Jirani akanielekeza kwenye duka la kufulia nguo, chini ya kilima. Ndani kulikuwa na mashine kumi na mbili zikizunguka, mama mmoja mnene nyuma ya meza, na mwanamke mwembamba akikunja mashuka ya hoteli. Mtoto wa kike wa miaka sita hivi alikuwa amekaa juu ya kapu, akihesabu soksi zisizo na wenzake.

"Noreen Yost?"

Mikono yake ilisimama hewani. Yule mama mnene akainuka.

"Naitwa Ilene. Wa ukurasa wa barua."

Uso wake ulifunguka. Sitausahau uso ule. "Ilene wa barua? Umekuja mwenyewe mpaka huku?" Akajifunika mdomo kwa shuka. "Opal, si nilikwambia? Ndio hawa! Mmenichagua? Niambie ukweli, mmenichagua?"

"Tumekuchagua," nikasema. "Na anwani imetoka."

Hakuelewa mara moja. Alibaki akitabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mzaha umalizike.

"Nilisema msiiweke."

"Ulisema. Kosa ni langu."

"Nilisema tafadhali."

"Ulisema, Noreen."

Aliliweka shuka juu ya rundo, akalinyoosha pembe kwa kiganja. Hakulia wala hakunipiga, ingawa nilitamani anipige.

"Kesho ni Jumatano," alisema.

Opal, yule mwenye duka, alizunguka meza akanisimamia usoni. "Na wewe umekuja kufanya nini? Kuomba radhi? Radhi inavaliwa miguuni? Inakimbia?"

"Nimekuja kumwambia aondoke usiku huu."

"Kwa basi gani?" Opal alicheka kwa hasira. "Basi la hapa ni moja, linapita Dunmere, na kituo cha Dunmere kinatazamana na gereji anakofanya kazi Wade, mume wake. Ampungie mkono dirishani? Gari langu liko kwa fundi, linatoka kesho saa sita mchana."

"Na shule," Noreen alisema taratibu, kama anayejisemea. "Karatasi za uhamisho za Tammy. Safari ile nilikimbia bila karatasi, akakaa nyumbani miezi mitano, hakuna shule iliyompokea. Safari hii siondoki bila karatasi." Akanigeukia. "Wade hununua vitabu hivi kwa Dutch Kreider, Dunmere. Ana kisanduku pale chenye jina lake, anawekewa matoleo mapya. Hufika saa sita, wakati wa chakula. Hachelewi, haendi kwingine. Na huanza na barua. Mwenyewe huandika, barua zake zimetoka mara tano."

"Kutoka Dunmere mpaka hapa ni muda gani?"

"Dakika arobaini na tano. Yeye, thelathini na tano." Alinishika mkono kwa mara ya kwanza. Vidole vyake vilikuwa vya moto kwa sababu ya mashuka. "Nipe mpaka saa nane mchana. Sijui utafanyaje. Sema uongo, iba, choma duka. Della angelichoma."

"Mimi si Della."

"Najua," alisema. "Ningependa uwe yeye, kwa siku moja tu."

*

Nililala kwenye kochi la Opal, au tuseme nililitazama dari la Opal. Saa nne kamili asubuhi nilikuwa nje ya duka la Dutch Kreider, Dunmere, naye mwenyewe akanifungulia mlango. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na fulana yenye picha ya roketi. Maboksi yalikuwa yameshafunguliwa. Nyuma ya meza, ukutani, kulikuwa na visanduku kama arobaini, kila kimoja na jina. Kile cha STAHL W., jina la Wade ambalo Noreen aliliacha, kilikuwa cha tatu kutoka juu, na jalada la toleo la kumi na tisa lilichungulia ndani yake.

Nilimwonyesha kitambulisho changu cha kazi. Alifurahi kama mtoto. "Mhariri wa Utusitusi! Dukani kwangu!"

"Naomba nikitazame kisanduku cha Bwana Stahl."

Furaha ikapungua. "Bibie, kisanduku cha mteja hakiguswi. Kuna mke wa mtu alikuja hapa, mumewe yuko hospitali na mguu uliovunjika, anataka kumpelekea vitabu vyake. Nikamwambia alete karatasi iliyotiwa sahihi. Na nilimfahamu huyo mama tangu shule!"

Nilikuwa nimeandaa uongo kwenye basi, na niliuona ni mzuri. Niliutoa sasa kwa sauti ya kiofisi.

"Toleo hili lina kosa la uchapaji. Kampuni inarudisha nakala zote. Nimetumwa kuzichukua."

Mkono wake uliokuwa ukipanga vitabu ulisimama. "Zote?"

"Zote. Maduka yote."

Nikayaona macho yake, nikaelewa nilichofanya, na nilikuwa nimechelewa. Mtu wa kazi nyingine angeweza kusamehewa. Mimi nilikuwa na miaka miwili katika biashara hii. Nilijua watu wanavyolala nje ya maduka kwa ajili ya kitabu kilichochapwa kinyume. Nilijua kwamba kitabu kinachorudishwa kiwandani ndicho kinachotafutwa kuliko vyote duniani, na kwamba hakuna njia ya haraka zaidi ya kumfanya mkusanyaji akitake kuliko kumwambia hatakipata.

"Msambazaji hajanipigia," Dutch alisema, huku akizivuta nakala zote kutoka rafuni na kuzishusha chini ya meza. "Mpaka anipigie, hizi ni mali yangu." Tayari alikuwa na simu mkononi. "Wade? Dutch hapa. Acha hiyo breki, kaka, njoo sasa hivi. Utusitusi wa leo ana kosa, wanamrudisha! Ndiyo, nimekuwekea. Njoo, usingoje saa sita."

Nilitoka mbio mpaka kwenye kibanda cha simu cha barabarani. Opal alipokea.

"Noreen yuko shuleni," alisema. "Karani hajafika. Gari halijatoka."

"Opal, anakuja dukani sasa hivi. Ni kosa langu tena."

"Basi mshike."

"Nimshike vipi?"

"Mimi nafua nguo, binti. Wewe ndiye mwenye kazi ya kuwafanya watu wasubiri mwezi mzima wajue kitakachotokea. Mshike."

Nilirudi ndani. Baada ya dakika tano mlango ukafunguka.

Nilikuwa nimetarajia jitu. Wade Stahl alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, aliyevua kofia alipoingia. Aliomba kwanza kunawa mikono. Alisimama kwenye sinki la nyuma kwa dakika nzima, akasugua kucha kwa brashi aliyoiweka palepale kwa Dutch kwa kazi hiyo, kwa sababu hakutaka oili ya gari iguse karatasi. Kisha akaja, akakipokea kitabu kwa viganja viwili.

"Huyu ndiye mhariri, Wade. Ametoka New York, amekuja kuninyang'anya."

"Ilene Mazur?" Alilijua jina. "Dada, wewe ndiye uliyechagua barua yangu kuhusu yule mlinzi wa ghala."

Ni kweli, niliichagua. Zote tano nilizichagua mimi. Zilikuwa barua nzuri. Nilikumbuka kwamba niliwasomea wenzangu ofisini mojawapo, na kwamba nilisema, huyu mtu anamwelewa Della.

"Kosa liko wapi?" aliuliza.

"Ukurasa wa kumi na nne," nikasema. "Koti. Limepakwa kijani."

Aliufungua ukurasa wa kumi na nne, akainamisha kichwa, akautazama kwa muda mrefu. "Hili si kosa. Toleo la tisa alivaa la kijani vilevile, alipotoka kwa dada yake." Alinitazama bila ubaya, kama mwalimu. "Wewe unajua hilo."

"Labda kosa ni kurasa za mwisho," Dutch alidakia.

Kidole cha Wade kikaanza kupindua karatasi.

"Unataka kujua kama Hobart atampata?" nikasema.

Kidole kikasimama. Hobart alikuwa mume wa zamani wa Della, mpelelezi, mtu wa kwanza kabisa kumpiga na kwa hiyo wa kwanza kabisa kumpoteza machoni. Kwa matoleo kumi na tisa alikuwa akimtafuta kwa harufu, kwa sauti, kwa nyayo kwenye theluji.

"Hilo ni siri ya ofisi," Wade alisema.

"Ni siri. Nikilisema nafukuzwa kazi." Nikavuta kiti. "Keti."

Akaketi. Kitabu alikilaza mapajani, kimefungwa, mkono juu yake.

Nikamwambia. Nilimpa toleo la ishirini lote, ukurasa kwa ukurasa, ambalo lilikuwa bado mezani kwa mchoraji. Kisha la ishirini na moja. Nilimwambia nani anakufa kwenye daraja. Dutch aliacha kuhudumia wateja. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. Nilipomaliza yale niliyoyajua, nikaanza kutunga, nami sikuwahi kutunga hadithi hata moja maishani mwangu. Nilimpa Della mtoto aliyefichwa kwa watawa. Nilimpa Hobart mbwa kipofu. Wade alisikiliza ameinama mbele, na mara mbili alinisahihisha.

"Hapana, hawezi kupanda meli. Anaogopa maji, toleo la pili."

"Umenikamata. Basi treni."

"Treni sawa." Alitabasamu. "Watu humwita mwovu. Wanakosea. Della amepotea tu, hakuna aliyemtafuta vya kutosha. Mimi ningekuwa Hobart, nisingetumia harufu. Ningekaa kimya nisubiri. Mwanamke wa namna ile hawezi kunyamaza. Siku moja atasema mwenyewe alipo."

Nikaitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika kumi. Nikaendelea. Koo lilinikauka, Dutch akaniletea maji bila kuombwa. Nilimchoma Hobart moto, nikamfufua, nikawakutanisha jangwani, nikawatenganisha. Nilikuwa nikimpa mtu yule kila kitu alichokitamani, kipande kwa kipande, na ubaya wake ni kwamba hadithi ilikuwa nzuri.

Saa saba kasoro dakika kumi alisimama. "Bosi wangu ataninyonga. Nitamalizia kusoma ndani ya gari." Akaniinamia kidogo. "Hii ni siku bora niliyopata tangu mwaka juzi, dada. Sikudanganyi."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Nilitakiwa kumwacha. Labda angeingia garini, angerudi gerejini, angesoma saa nane. Labda angeusoma pale pale barabarani. Sikuweza kujua, na miguu yangu haikusubiri nijue. Nilimrukia mgongoni, nikakipokonya kitabu, nikauchana ukurasa wa mwisho na kuutia kinywani.

Niliutafuna nikimtazama. Wino ulikuwa mchungu.

Wade hakupaza sauti. Alinitazama shavu lililovimba, kisha akakitazama kitabu sakafuni, pale kilipochanika. Nikaiona akili yake ikitembea.

"Ni barua," alisema.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Dutch alifoka. Aliinama chini ya meza. "Wade, samahani, kaka, sikiliza, chukua kingine, vipo, chukua."

"Usimpe!" nilipiga kelele, karatasi ikanikwama kooni. "Dutch, usimpe, mkewe—"

Lakini mkono ulikuwa umeshanyooka. Wade alikifungua mwisho, akasimama wima kama mtu aliye kanisani, akasoma. Midomo yake ilitembea kidogo. Kisha alikifunga, akakitia kwenye mfuko wa nailoni wa kukihifadhia, akabana utepe wa gundi wa juu kwa kidole gumba taratibu, asije akakikunja.

"Anaandika vizuri," alisema. "Siku zote aliandika vizuri."

Kupitia dirishani nililiona gari lake, pikapu nyekundu yenye taa moja ya mbele, likigeuka upande wa Harlow Falls. Saa saba kasoro dakika tatu.

Nilipanda juu ya meza ya Dutch kuifikia simu, naye hakunizuia. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. "Sikujua," alikuwa akisema, "bibie, mimi sikujua." Simu iliita mara kumi na mbili. Nikakata, nikapiga tena. Iliita mara saba.

"Duka limefungwa," ilisema sauti ya Opal.

"Ni Ilene. Amejua. Yuko njiani, pikapu nyekundu, taa moja. Ana nusu saa. Wako wapi?"

"Wameondoka."

"Kwa gari lipi? Fundi amemaliza?"

"Wameondoka, nimekwambia. Na karatasi anazo."

Nikateleza chini mpaka nikakaa sakafuni, waya wa simu umenizunguka shingoni. "Wameelekea wapi, Opal? Niambie tu ni kaskazini au kusini, nijue kama atapishana nao barabarani."

"Wewe hutaambiwa kitu," alisema. Hakusema kwa ukali. "Wewe ukipewa neno unalichapisha. Hiyo pikapu umesema taa ipi imekufa, ya kulia au ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Haya. Wataitambua." Nikasikia sauti za wanaume nyuma yake, wengi, na mlango wa chuma ukiteremshwa. "Rudi kwenu, binti."

Akakata.

Gus hakunifukuza, japo nilimwandikia kukiri kila siri niliyomsimulia Wade. Toleo la ishirini lilitoka na majina matupu chini ya barua, bila mtaa wala mji, na wasomaji sabini na wawili waliandika kulalamika kwamba tumeua desturi. Katika zile sabini na mbili nilitafuta jina la Wade Stahl, sikuliona. Mwezi uliofuata nikalitafuta tena. Sikumpigia Opal kumuuliza wale wanaume walimfanya nini. Nilichukua simu mara nyingi, nikaishika, nikairudisha.